Naomba ushauri: tusubiri rufaa au twende Mahakama Kuu?
Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni muuza mitumba katika mji mmoja mashariki mwa Uganda. Wiki 9 zilizopita halmashauri ya mji ilifuta leseni za safu yetu nzima ya vibanda kwa barua ya mistari minne isiyotaja sababu yoyote, na hakuna hata mmoja wetu aliyeitwa kujieleza kabla ya uamuzi huo.

Ibara ya 42 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa kila anayefika mbele ya mamlaka ya utawala haki ya kutendewa kwa uadilifu, na ya kwenda mahakamani kuhusu uamuzi unaomgusa. Kinachonitia wasiwasi ni muda. Kanuni za mwaka 2009 za mapitio ya mahakama (yaani mahakama kukagua kama uamuzi wa mamlaka ulifuata sheria na utaratibu wa haki) zinataka ombi lipelekwe Mahakama Kuu ndani ya miezi 3 tangu sababu ya malalamiko ilipotokea, ilhali marekebisho ya mwaka 2019 yanamtaka mwombaji awe amemaliza kwanza njia za rufaa zilizomo ndani ya utawala wenyewe. Rufaa yetu imelala mezani tangu wiki ya pili, na kila tukienda tunaambiwa turudi Jumatatu (Jumatatu ipi, hatuambiwi).

Je, tuendelee kusubiri, au tufungue ombi sasa na kueleza katika hati ya kiapo kwamba rufaa imekaliwa? Aliyewahi kupita njia hii anieleze pia kama ombi moja linaweza kubeba majina yetu sote 14, maana wakili tutakayemmudu ni mmoja tu.