Tupeane uzoefu: kazi za likizo ndefu zenye hela Tanga, kwa watu wa sayansi

Wadau, vyuo vinafunga Julai, vinafungua Oktoba. Tuwekeane hapa kazi zinazolipa: ujue kufanya nini, na wengi wanaharibia wapi. Za "nenda ukaulize getini" tunazijua.

Fundi Bureti
Tenganisha fildi (mazoezi ya masomo) na kibarua. Barua ya chuo ikisema "mafunzo kwa vitendo", umeshajitangaza wa bure. Andika yako, ukurasa mmoja, utaje vipimo unavyofanya bila kusimamiwa. Maabara ya kiwanda, iwe ya saruji Pongwe au ya maziwa mjini, inataka mtu wa kuziba shifti. Peleka Mei, Julai nafasi zimeshaliwa.

Mzee wa Makopo
Kwenye maziwa, ukijua kupima maziwa yanapopokelewa kiwandani hukosi siku. Koroga kopo kwanza, malai yamepanda juu. Kipimo cha alkoholi: ml 2 za maziwa, ml 2 za alkoholi ya asilimia 70, yakifanya vipande, kopo linakataliwa. Kisha laktomita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa maziwa ukilinganisha na maji. Nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20, na maziwa mazuri yanasoma 1.026 hadi 1.032. Ukisoma yaliyotoka kukamuliwa, bado ya vuguvugu, yanaonekana mepesi. Unamwambia mfugaji katia maji, naye fimbo anayo mkononi. Subiri yapoe, povu litulie.
Halafu kuna wajanja: anaengua malai, anaongeza maji, laktomita inasoma kawaida kabisa. Huyo anakamatwa kwa kupima mafuta.

Dada wa Muheza
Sampuli za udongo wa mashamba hulipwa kwa sampuli, kwa hiyo ukirudia kazi ni hasara yako. Tembea zigizaga, vituo 15 hadi 20, kina sm 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki, gawa mafungu manne, tupa mawili, rudia mpaka ibaki nusu kilo. Ruka kichuguu na pale ng'ombe walipolala. Ndoo ya bati ina zinki, itaharibu majibu. Mfuko wa mbolea usiwekee sampuli hata kama umefuliwa. Anika kivulini, andika lebo kwa penseli. Wino ukipata unyevu unafutika.

Fundi Bureti
Tuisheni msiidharau jamani. Kidato cha nne wanafanya mtihani Novemba, na wazazi wanatafuta mtu wa vitendo, nadharia wanayo. Bureti, ule mrija wenye alama wa kudondoshea myeyusho, suuza kwa myeyusho utakaoingia humo, la sivyo maji yaliyobaki yanaupunguza nguvu. Chupa ya chini, inayopokea matone, suuza kwa maji tu. Watoto wanageuza hivyo viwili kila siku. Hela chukua mwanzo wa wiki.

Swali
@Fundi Bureti, mkataba nao?

Mwana wa Chumbageni
Nijibu mimi, kaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, za ziada hulipwa mara moja na nusu. Ukiandikwa kama mtoa huduma, unakatwa kodi asilimia 5; mkikubaliana 400,000 unashika 380,000. TIN, namba ya mlipakodi, ni bure TRA. Anayetaka "hela ya fomu" muache hapohapo. Na vyeti peleka nakala zilizogongwa muhuri, halisi zibaki nyumbani. Zikishaingia kwenye droo ya mtu, kuzitoa ni kazi nyingine isiyo na malipo.