Mbio za Boxing Day kijijini: pesa ya zawadi inatufukuzia wanakijiji, tufanyeje?

Mwandaaji_Sipi
Wakuu, habari za leo. Kila tarehe 26 Desemba huku Kapchorwa tunaandaa mbio za njia za miguu, kilomita 12 hivi. Mnaanzia senta, mnapanda katikati ya mashamba ya kahawa, mnageuka kabla ya mpaka wa hifadhi ya Mlima Elgon, halafu mteremko hadi karibu na maporomoko ya Sipi. Zilianza kama mchezo wa sikukuu tu. Waliotoka Kampala na Jinja kuja kula Krismasi wanashindana na ndugu zao waliobaki nyumbani. Wa kwanza mbuzi, wa pili sukari, wa tatu mche wa sabuni. Kuna mama alikuwa anakimbia na gomesi yake, ameikaza kiunoni kwa leso, na alishangiliwa kuliko mshindi.

Kisha akaja mfadhili na pesa taslimu. Sasa vijana wa kambi za mazoezi wanashuka, wanabeba bahasha zote, wanapanda boda wanaondoka. Siwalaumu. Tangu Kiprotich alete dhahabu ya marathoni ya Olimpiki London 2012, na Cheptegei ile ya mita 10,000 Paris 2024, kijana wa huku mwenye miguu anaihesabu kama shamba la urithi. Ila wanakijiji wameacha kujiandikisha. Wazee wanatutazama kutoka baa. Na mwenye shamba mmoja aliyekuwa anatupa njia bure sasa anataka alipwe, eti "kuna pesa".

Mfadhili anataka kuongeza zawadi, kamati imegawanyika. Turudishe mbuzi?

Boda_wa_Mbale
Pesa chukua, nunua mbuzi wengi. Nani atapanda boda na mbuzi watano?

Mama_Kahawa
Mwanangu, mimi nina shamba, ngoja nikuambie. Desemba bado tunachuma. Wakimbiaji hawana shida, wanapita mstari mmoja. Watazamaji ndio wanaokata kona kuwahi kupiga picha, wanavunja matawi yenye kahawa mbivu, wengine wanakanyaga hata iliyoanikwa uani. Huyo mzee hadai bahasha, anadai matawi yake. Mwendee mapema pamoja na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mtembee naye njia yote, yeye mwenyewe aonyeshe pa kupita. Kila kona weka kijana wa hapo hapo, umlipe kitu. Na alama mchore kwa chokaa chini, maana utepe watoto wanaubeba siku hiyo hiyo.

Kocha_Bukwo
Usiwafukuze vijana wa kambi, wacheleweshe. Wazee na akina mama waanze kwanza, wafuate wanakijiji wengine, wa kambi mwisho kabisa. Atakayefika mstari wa mwisho kabla ya wengine ndiye mshindi. Kwa mlima huo, aliyefanya mazoezi atamaliza chini ya saa moja, mwanakijiji wa kawaida saa moja na nusu au zaidi, kwa hiyo pengo la nusu saa si kubwa. Raha yake ni kwamba wote wanaingia karibu pamoja, watu wanapiga kelele mpaka mwisho. Hatari ni kupitana kwenye ule mteremko mwembamba. Udongo ukiwa na umande unateleza kama una sabuni. Pale piga marufuku kupitana, mpaka njia ipanuke.

Jirani_wa_Suam
Naongezea kwa kocha. Pesa kubwa ipewe kijiji, si mtu. Timu ya watu wanne, lazima awepo mwanamke na mwenye zaidi ya miaka 50. Kijiji kikishinda kinatengeneza chemchemi yake, mfadhili anaandikwa jina pale kwenye saruji. Wafadhili wanapenda saruji. Vijana wa kambi wapeni nauli na chakula, watakuja tu, wanahitaji mlima.

Mwandaaji_Sipi
Mama, heshima zako, nimekuelewa. Wiki hii napita kwa mzee na mwenyekiti. Kocha, hilo la kuanza kwa zamu nitalipeleka kwenye kamati, ila kuna watu watadanganya umri! Jirani, swali: huyu aliyezaliwa hapa lakini anakaa Kampala mwaka mzima, anakimbilia kijiji gani?

Jirani_wa_Suam
Alikolala usiku wa Krismasi. LC1 wa pale athibitishe.

Boda_wa_Mbale
Mimi nitalala kwa wakwe, wana mbuzi tayari.