Fonti ya pikseli kwa kitabu kizima: nimekwama

Mpangakurasa: Wakuu, naombeni ushauri. Napanga kitabu cha mashairi kwa VT323, ile fonti ya vidoti (pikseli), herufi zote upana mmoja. Nikigeuza kurasa kuwa picha, kingo zinatoka na ukungu. Faili linatakiwa Ijumaa, usingizi sina.

Mraba8: Imechorwa kwa gridi ya pikseli. Tumia saizi inayolingana na gridi hiyo. Ukiweka isiyolingana, kidoti cha herufi hakijai pikseli kamili ya skrini, kompyuta inaziba pengo kwa kijivu. Na kwa kuchapa usigeuze picha, acha herufi zibaki herufi ndani ya PDF.

MzeeKibodi: Umenikumbusha Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya zamani! Herufi 8 kwa 8, mistari 25 ya herufi 40. Nilikesha nikinakili programu kutoka gazetini, koma moja ikikosekana, kazi yote inagoma.

Bi_Wino: Fonti hiyo ni ya magemu, vichwa na majedwali ya namba. Mnapenda urembo, msomaji mnamsahau. Nani atasoma kitabu kizima hivyo?

Mpangakurasa: Familia tu.

Bi_Wino: Familia nani?

Mpangakurasa: Mama. Ana miaka 74 na mtoto wa jicho. Mashairi ni ya marehemu baba, aliyaandika kazini, na mama akimpelekea chakula cha usiku aliyasoma palepale kwenye skrini. Nataka ayaone vilevile. Kurasa 60 nimeshapanga, jalada nimeshalipia. Sibadilishi.

Shakashaka: Chai hii. Mzee kataja kompyuta ya zamani, ghafla na baba yako anayo. VT323 imetokana na terminali ya DEC VT320, yaani skrini na kibodi za kuunganishwa na kompyuta kubwa, hiyo si ya nyumbani.

Mpangakurasa: Nimesema kazini. Alikuwa zamu ya usiku chumba cha kompyuta. Karatasi zake za printa, zenye matundu pembeni, ninazo. Kila mshororo aliongeza nafasi mpaka vina vya kati vikasimama safu moja, wima. Fonti ya kawaida inavunja safu ile.

Shakashaka: Niwie radhi, mkuu. Pole kwa msiba.

Mraba8: Safu inashikwa na fonti yoyote ya upana mmoja. VT323 iache kwenye majina ya mashairi. Beti weka Atkinson Hyperlegible Mono, imechorwa kwa ajili ya wenye uoni hafifu.

Mpangakurasa: Nimechapa ubeti mmoja hivyo, pointi 18. Mama kausoma wote bila kushikiwa taa. Kisha kaniuliza, mbona haya siyo maandishi ya baba yako.