Nafasi ndogo chini ya kiti cha pikipiki: nibebe nini njia ya Gongoni na Marafa?

Kijana_wa_Muyeye

Salaam aleikum wadau. Mjomba amenikabidhi pikipiki yake, Boxer ya spoki, na mwezi ujao naanza steji hapa Malindi mjini. Mjini sina wasiwasi, ukipata pancha Majengo au Maweni unasukuma kidogo umefika kwa fundi. Lakini wateja wengi wa mjomba ni wa Mambrui, Gongoni na huko ndani mpaka Marafa, na wengine humpigia usiku apeleke mama mjamzito hospitali. Ukishaiacha lami unaweza kwenda kitambo kirefu bila kuona kibanda cha pancha.

Nafasi ya kuweka vitu ni ile tu ya nyuma ya kava la pembeni, na upenyo kidogo chini ya kiti. Sanduku la nyuma silitaki, keria ni ya mizigo. Steji wamenitajia seti ya spana, tyubu mbili, viraka, pampu, plagi, waya wa klachi, oili, koti la mvua, karatasi za leseni na bima, na nusu lita ya petroli kwenye chupa ya soda. Haviingii hata nusu. Nianze na nini, niache nini?

Fundi_wa_Barani

Waaleikum salaam mwanangu. Petroli itoe kabisa. Chini ya kiti kuna betri, kuna joto la injini na jua la huku kwetu. Chupa ya plastiki inavimba, mvuke unatoka, cheche moja inatosha. Na wewe juu yake umempakia mtu. Akiba yako ni rizavu, yale mafuta ya chini ya tangi unayoyafungulia kwa koki. Ijue inakufikisha wapi, na kila ukijaza tangi rudisha koki mahali pake. Wengi huisahau kwenye rizavu, siku mafuta yakikata hakuna cha kugeuzia.

Seti ya spana pia usibebe. Kaa na pikipiki yako jioni moja, ufungue kila kitu unachoweza kulazimika kukifungua njiani: gurudumu la nyuma, la mbele, marekebisho ya cheni, vichwa vya betri. Spana zilizofanya kazi ndizo za kubeba. Mara nyingi utabaki na namba 10, 12, 14 na ile kubwa ya ekseli, pamoja na bisibisi ya kugeuza ncha na plaisi ndogo.

Waya wa klachi usiukunje kwenye boksi. Upitishe mpya sambamba na ule unaotumika, kutoka mkononi mpaka kwenye injini, uufunge kwa tepu na uzibe ncha zake kwa nailoni vumbi lisiingie. Wa zamani ukikatika unahamisha ncha tu. Hapo nafasi umeiokoa yote.

Plagi moja mpya ikae kwenye paketi yake, na spana ya plagi iwe karibu. Injini ikizima kwenye mvua usikimbilie kubadilisha: vua kofia ya plagi, ipanguse kwa kitambaa kikavu, jaribu tena.

Chumvi_Gongoni

Mimi napita viwanda vya chumvi kila siku. Spana za huku zinaota kutu upesi, zifunge kwa kitambaa kilicholowa oili kidogo. Vichwa vya betri vipake grisi.

Kuhusu tyubu, mimi sioni haja. Viraka na gundi vinatosha, na nafasi inabaki.

Fundi_wa_Barani

Hapo sikubaliani nawe ndugu yangu. Tyubu ikichanika kwenye shina la vali, kiraka hakishiki. Na gundi ikishafunguliwa, kwa joto hili inakauka ndani ya kichupa bila mwenyewe kujua. Abebe tyubu moja, asome ubavuni mwa tairi ajue saizi, na kichupa cha gundi kisichofunguliwa.

Lakini jambo linalowakosesha wengi ni namna ya kufunga. Tyubu ikiwekwa pamoja na spana bila kitu katikati, mtikisiko unaisugua siku hadi siku. Siku ya kuihitaji unaitoa tayari ina tundu. Mwanangu, itoe hewa yote, ipake poda, ikunje, izungushie kitambaa kikuukuu, kisha nailoni. Spana zikae kivyake, zimekazwa zisilie. Zisisogee karibu na betri: chuma kikigusa vichwa viwili ni shoti, na waya zinaungua. Wala usisokomeze kitambaa kwenye mdomo wa chujio la hewa chini ya kiti. Injini itakosa pumzi, nawe utazunguka kwa mafundi ukilaumu kabureta.

Fyuzi za akiba mbili, za amperi ileile iliyopo. Hizo hata chini ya tepu zinakaa. Asikudanganye mtu kuweka waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi.

Dada_wa_Gede

Kaka, umetaja mama wajawazito usiku na hakuna aliyekujibu hapo. Mimi pia ni dereva wa boda, na safari hizo nazijua. Tafuta nafasi ya glavu mbili tatu za hospitali, bandeji pana na khanga safi iliyokunjwa vizuri ndani ya nailoni. Khanga inasitiri, inafunika, na damu ikitoka unaikunja na kukandamiza. Ni nyembamba, italala chini ya kiti. Tochi ya kichwani nayo ni lazima, maana huwezi kufungua gurudumu gizani huku umeshika simu kwa meno. Betri zake zitoe usipoitumia, zisivuje.

Namba ziandike kwenye karatasi ndani ya kava, simu inaweza kuzima: 999 au 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Ongeza namba ya mkunga au muuguzi wa zahanati iliyo karibu na wateja wako.

Leseni na bima usiache kwenye pikipiki. Tembea nazo mwilini, na picha zake ziwe kwenye simu. Ikiibwa pikipiki utabaki na nini cha kuonyesha polisi? Na kofia ya abiria isikose kwa sababu ya ufinyu. Ning'iniza kwenye keria.

Kijana_wa_Muyeye

Ahsanteni sana, na dada Mungu akuzidishie. Petroli nimeitoa, tyubu itabaki moja. Koti la mvua nitalifunga juu ya tangi. Imebaki pampu, ndiyo haiingii popote. Niiache?

Fundi_wa_Barani

Usiiache, bila pampu hiyo tyubu haina kazi. Tafuta ile nyembamba ya baiskeli, hakikisha mdomo wake unashika vali yako, na uibane ubavuni mwa fremu chini ya kiti, upande usio na silensa. Ifunge kwa vipande vya tyubu ya zamani sehemu mbili, mbali na cheni. Mipira hiyo ikague kila unapoosha pikipiki, jua linaipasua. Ukipita Barani njoo na pikipiki, waya wa klachi nitakuonyesha unavyopitishwa.