Re: Nakuja Berlin miezi sita, nianzie wapi?

Mdogo wangu, karibu sana. Habari ya makoti umeshaelezwa. Mimi nakuuliza jambo moja: huko unakofikia, jina lako litabandikwa kwenye sanduku la barua?

Sisi tumezoea S.L.P.; hata ukihama nyumba, barua inakungoja posta palepale. Huku inaletwa mpaka kwenye jengo, lakini vyumba vingi vya ghorofa Berlin havina namba. Anwani ni mtaa na namba ya jengo, basi. Baada ya hapo mleta barua anasoma majina. Asipoliona lako, inarudi ilikotoka. Na kila kitu cha maana kinakuja kwa barua: namba ya kodi, kadi ya bima ya afya, kadi ya benki, na namba yake ya siri kwenye bahasha nyingine siku nyingine.

Kwa hiyo ukiachiwa chumba na mtu anayesafiri, usiridhike na funguo. Ubandike jina lako chini ya lake, sandukuni na kwenye kengele. Tena akupe Wohnungsgeberbestätigung, ile karatasi ya mwenye nyumba, yenye sahihi. Bila hiyo hufanyi Anmeldung, yaani kujiandikisha makazi, na sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie. Mgeni wa miezi mitatu au pungufu halazimiki. Wewe wa miezi sita umo. Mtu akikwambia "kaa tu, ila usijiandikishe", tafuta kwingine hata kama bei ni tamu. Termin, yaani miadi, ya Bürgeramt, ofisi ya kujiandikishia, itafute mtandaoni mapema. Ofisi yoyote ya Berlin inafaa, si lazima ya mtaani kwako.

Ukishajiandikisha itakufuata barua ya Rundfunkbeitrag, ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Kusema huna televisheni hakusaidii. Inalipwa kwa nyumba, si kwa kichwa, kwa hiyo kama mwenzako analipa, waandikie hao wa ada namba yake ya malipo, yaishe.

Kaka wa Wedding, Berlin

---

Shikamoo kaka. Umesahau Jumapili! Maduka yanafungwa, unga anunue Jumamosi. Na chupa za plastiki asitupe, nyingi zina amana ya senti 25 kila moja. Unaziingiza kwenye mashine dukani, unapewa risiti ya kupeleka kaunta.

---

Kwenye treni hakuna geti, lakini asidanganyike. Tiketi ya karatasi aigonge mhuri kabla ya kupanda. Wakaguzi wengine wanavaa kiraia, faini euro 60.

Akipata chumba Afrikanisches Viertel, huko Wedding, awaandae wa nyumbani. Kuna Tangastraße, kuna Sansibarstraße, na tangu 2024 sehemu ya Petersallee ya zamani, iliyopewa kwanza jina la mkoloni wa Kijerumani Carl Peters, inaitwa Maji-Maji-Allee. Nilipomtumia mama anwani yangu alinipigia usiku huohuo: "Mwanangu, kweli umeondoka Tanga wewe?"