MREJESHO: Breki kubwa za mbele kwenye Datsun 120Y

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama diski kubwa zitaingia kwenye Datsun 120Y ya marehemu baba. Zimeingia, ila rimu za inchi 13 ziligoma, kalipa (kile kifaa kinachobana diski) ilikwaruza kwa ndani. Nimeweka za 14. Pedali nayo ikawa inazama hata baada ya kutoa upepo kwenye breki mara tatu. Pistoni za kalipa mpya ni kubwa, zinataka mafuta ya breki mengi, ikabidi nibadili masta silinda (pampu inayosukuma hayo mafuta ukikanyaga pedali). Kilichonitisha ni mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye kalipa: nikikata usukani mpaka mwisho ulisugua tairi, ulishaanza kuchubuka. Nimeupitisha juu zaidi. Kagueni hapo! Jana nimeteremka kutoka Kibosho hadi Moshi mjini, gari linasimama limenyooka. Asanteni sana.