Wimbi, mtama, mawele: nisage nini kwa mtoto na mzee?

MamaPendo_Lanet

Hamjambo wanajukwaa. Nipo Nakuru, upande wa Lanet. Mtoto wangu ametimiza miezi minane, na mwezi jana baba mkwe alikuja kutoka Siaya kukaa nasi ili ahudhurie kliniki ya kisukari. Kwa hiyo jikoni kwangu kuna sufuria mbili: ya uji wa mtoto, na ya ugali wa mzee, ambaye hataki tena ugali mweupe.

Nimekuwa nikinunua unga wa uji uliochanganywa tayari. Juzi nilisoma pakiti nikahesabu vitu kumi na viwili: wimbi, mtama, mawele, mchele, soya, njugu, omena (dagaa), mbegu za malenge na vingine. Mtoto tumbo linamjaa gesi, usiku hatulali. Nimeamua kununua nafaka sokoni na kusaga mwenyewe. Shida ni kuchagua. Wimbi bei yake inapita mara mbili ya mahindi. Mtama mwekundu ni nafuu, mweupe pia upo, na kuna mama mmoja anauza mawele. Kila muuzaji anasema chake ndicho dawa. Nyinyi mngechukua nini, na kwa nini?

Lishe_Kisumu

Pole na usiku huo, Mama Pendo. Mimi ni mtaalamu wa lishe hapa Kisumu, na habari ya unga wa vitu kumi na viwili naisikia kliniki kila wiki. Kwa mtoto wa umri huo, achana nao. Akiumwa na tumbo au akitoka vipele hutajua ni soya, ni njugu au ni omena. Tena kila nafaka na kila kunde ina muda wake wa kuiva. Soya ikiwa haikukaangwa vizuri kabla ya kusagwa, uji utachemka na soya bado mbichi. Chagua nafaka moja, na maziwa, yai, omena au ndizi mpe kando au tia wakati wa kula. Na hiyo gesi ikiendelea, mpeleke kliniki, usingoje unga umtibu.

Sasa ulinganisho. Wimbi hauna mpinzani kwa kalsiamu: gramu 100 zina takriban miligramu 340, wakati mtama na mawele havifiki 50, na mahindi yako chini zaidi. Mawele yana protini na mafuta mengi kuliko wimbi, na madini ya chuma pia. Mtama uko katikati kwa protini, ila ukipikwa kwa maji protini yake huwa ngumu kidogo kusagika tumboni. Ukichachushwa hupungua ugumu. Zote tatu hazina gluteni.

Lakini namba za kwenye jedwali si namba za tumboni. Maganda ya nafaka hizi yana vitu vinavyoshika chuma, zinki na kalsiamu visiingie mwilini. Kuloweka, kuotesha na kuchachusha ndiko kunakovilegeza. Kwa hiyo mimi ningekuuliza utaiandaa vipi kabla ya kukuuliza utanunua ipi.

Mkulima_Butere

Niongeze kuhusu wimbi, maana ninaulima. Watu wanalalamikia bei bila kujua kazi yake. Miche ikiwa midogo inafanana na magugu jamaa yake hadi unapalilia umeinama, unatazama jani kwa jani. Ukikomaa unakata suke moja moja kwa kisu kidogo. Hakuna mashine ya kukuokoa kwenye shamba la nusu ekari. Wengi wameacha, ndiyo maana wimbi mwingi unaouona sokoni huku magharibi umetoka Uganda au Tanzania.

Mbegu tunazozifahamu huku ni P-224, U-15 na Okhale-1. Mimi naipenda U-15 kwa sababu inakomaa mapema. Ugonjwa wa kuangalia ni ule ukungu unaokausha shingo ya suke. Unaona suke limesimama jeupe, ukilifikicha hakuna punje.

Sifa moja ambayo mtaalamu wetu wa lishe hakuitaja: wimbi unakaa. Punje ni ndogo sana, fukusi wanaomaliza mahindi hawaupendi. Nyanya yangu alikuwa na chungu cha wimbi ambacho hakikufunguliwa ila mwaka wa njaa. Mama Pendo, ukipata wa bei nzuri baada ya mavuno, nunua wa miezi sita bila hofu, mradi umekauka.

NyarAlego

Mama Pendo, baba mkwe wako ni mtu wa Siaya, basi mzee anatamani kuon bel, ugali wa mtama mwekundu! Usimwandalie wimbi ukadhani umemaliza. Mtama wa kwetu ni ule wa kahawia, Serena au Seredo, una ukakasi kidogo mdomoni. Ukakasi huo ndio unaowafanya ndege wauache. Mtama mweupe kama Gadam ndege wanaumaliza, na wanaoununua sana ni watengenezaji wa bia.

Jinsi ya kuosha, kwa sababu nafaka iliyoanikwa chini ina mchanga: peta kwanza kwenye ungo. Kisha tia kwenye sufuria pana, maji mengi, zungusha kwa mkono taratibu. Mapepe yanaelea, mwaga. Halafu chukua bakuli, chota nafaka ya juu pamoja na maji, hamishia sufuria nyingine huku ukitikisa. Fanya hivyo mara tatu. Mwishoni utaona chini mstari mweusi wa changarawe. Usijaribu kuokoa punje zilizobaki hapo, wape kuku. Wimbi unahitaji uvumilivu zaidi maana punje yake na mchanga vinalingana.

Kwa ugali, tunachanganya na muhogo mkavu wakati wa kusaga: mtama sehemu mbili, muhogo sehemu moja. Muhogo ndio unaoshikanisha.

Musyoka_Section58

Mnapita mawele mbio kama vile si chakula. Mimi ni Mkamba, naishi hapa Nakuru, na kwetu mvua ikikataa mawele ndiyo yanayobaki yamesimama. Kwa mtu mzima anayefanya kazi, uji wa mawele unashikilia hadi saa nane.

Ila nitasema ukweli wake: usisage mengi. Yale mafuta aliyoyataja mtaalamu ndiyo yanayoharibu unga. Baada ya wiki mbili hivi unaanza kunuka na kuwa mchungu. Wenye maduka wanalaumiwa bure, ni asili ya nafaka. Saga ya siku chache, bakiza punje nzima.

EmojongTeso

Habari mama. Mimi ni mzee mwenye kisukari mwaka wa tisa, nipo Amagoro. Nikuombe jambo moja kwa niaba ya baba mkwe wako: usidanganywe kwamba nafaka nyeusi haina sukari. Wanga ni wanga.

Nina kipima sukari. Nilijipima saa mbili baada ya kula, siku tofauti. Uji wa wimbi uliosagwa laini, kikombe kikubwa, bila hata kijiko cha sukari, ulinipandisha kuliko ugali wa wimbi uliosagwa wa kukwaruza, wa kiasi cha ngumi, na mboga nyingi. Nafaka ni ile ile. Uji unateremka haraka, ugali unakawia. Kwa hiyo mwambie mwenye mashine asisage mara ya pili, na mzee ale ugali, mboga zijae sahani, na samaki au maharagwe. Na dada NyarAlego, kwa heshima, ule muhogo mpunguze. Huo ni wanga juu ya wanga.

Pia asiache dawa za kliniki kwa sababu amepata mtama.

NyarAlego

Nimekusikia mzee wangu, na asante. Bila muhogo ugali wa mtama hupasuka ukiushika, lakini kuna njia: korogea unga kidogo kwa maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka uwe kama uji mwepesi, uache uchemke vizuri, ndipo uongeze unga uliobaki na kusonga. Unashikana.

Lishe_Kisumu

Mzee Emojong amesema vizuri kuliko ambavyo ningesema mimi.

Kwa mtoto, Mama Pendo, nikufundishe kimea, maana ndicho kitu nisichochoka kukisema. Loweka wimbi uliooshwa usiku mmoja. Chuja, funika kwa kitambaa safi chenye unyevu siku mbili hadi tatu, ukiusuuza kila siku usivunde. Ukiona vimizizi vyeupe kama nyuzi, anika juani ukauke kabisa, sugua vimizizi vitoke, saga.

Kisha pika uji wa wimbi wa kawaida, mzito hadi mwiko unasimama. Epua, acha upungue joto, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga. Dakika chache tu utaona uji umelegea, unamiminika. Urudishe jikoni uchemke tena. Hujaongeza maji, kwa hiyo kikombe kile kile cha mtoto kina unga mwingi kuliko ule mwepesi wa kuzidishiwa maji, na tumbo lake ni dogo.

Tahadhari mbili. Kimea kilichoota ukungu wa kijani au mweusi, tupa; na kile cha sokoni cha kutengenezea busaa, pombe ya kienyeji, usimpe mtoto, hujui kilianikwa wapi. Pili, usioteshe mtama kwa ajili ya mtoto. Chipukizi la mtama lina sumu, ile ile inayoua ng'ombe anayeingia kwenye mtama mchanga.

Na wewe mwenyewe na mzee, chai msinywe pamoja na chakula, inazuia chuma. Ngojeni saa moja au mbili.

MamaPendo_Lanet

Nimerudi baada ya siku kumi. Nilinunua gorogoro (kopo la kupimia nafaka) mbili za wimbi na tatu za mtama mwekundu. Mawele nimeyaacha kwa sasa, ndugu Musyoka usikasirike, mashine ya huku ina foleni na siwezi kwenda kila wiki.

Kuosha wimbi kulinichukua asubuhi nzima, na ule mstari mweusi wa changarawe niliuona kwa macho yangu. Fikiria miezi yote hiyo tumeutafuna! Kimea cha kwanza kilivunda, niliacha maji chini. Cha pili kimetoka. Uji ulivyolegea nilimwita mume wangu aje aone. Mtoto anamaliza kikombe, na gesi imepungua sana.

Mzee tulimpikia ugali wa mtama bila muhogo, kwa njia ya NyarAlego. Wa kwanza ulipasuka, wa pili ukashikana. Alikula kimya, akanawa, akauliza kama soko la Nakuru lina apoth, yaani mboga ya mlenda. Kesho naitafuta.